Kitambaa Juu ya Simu

Mwanangu Mwende,

Niwie radhi kwa kimya changu. Ni kimya cha ajabu, maana hatukuwa mbali. Tumelala chini ya paa moja na kula meza moja, na bado tangu jioni ile uliponisikilizisha sauti ya mama yako katika simu yako, sijakwambia neno la maana. Nimekuomba chumvi. Nimekuuliza kama lango limefungwa. Nimekusahihisha uliposema "vitu yangu." Hayo si mazungumzo, na ninajua kwamba si mazungumzo.

Jioni ile mama yako alisema hivi, na ninayaandika jinsi alivyoyatamka, bila kuyagusa: "Mwalimu, magoti yameniisha. Nimeamua sitarudi kukaa Nairobi, nitazeekea huku. Mwende anakuja. Na wewe pia kuja, ama uniambie tu hutakuja. Lakini usininyamazie."

Nami, nikiwa na kijiko mkononi, nikasema, "Njoo. Haisemwi 'kuja.' Ni 'njoo.'"

"Baba," ukasema, "hajakuuliza hiyo. Amekuita."

Nikainuka nikaenda kumwagilia sukuma wiki, ilhali mvua ilikuwa imenyesha mchana kutwa. Ukaniona kutoka dirishani, nikimwagia maji matope. Hukusema kitu. Tangu hapo na mimi sijasema.

Kesho unasafiri. Sasa hivi umekwenda Mountain View kumuaga kaka yako Mutua, nami nimebaki mezani, mchana mweupe, na kalamu yangu. Mvua imepumzika. Kule kwenye uwanja wa maonyesho kuna mtu anayejaribu vipaza sauti. Anasema, "Moja, mbili. Moja, mbili." Nimemsikiliza tangu nilipoketi na bado hajafika tatu.

Sitakuandikia juu ya sweta, wala dawa, wala mahali pa kuficha pasipoti. Mama yako atakupokea, na nchi ile anaijua. Ameishi huko miaka mingi kuliko aliyoishi na mimi katika nyumba hii. Nataka kukuandikia juu ya simu iliyo kwenye meza ndogo ya korido, ile uliyonisihi mara nyingi niitupe. Mwezi uliopita ulikuwa ukiifuta vumbi ukacheka ukasema, "Baba, hii kitu ilikufa kitambo na bado umeifunga kufuli. Unaogopa itatoroka?" Nilikujibu kwamba ni "kitu hiki." Swali lako lenyewe sikulijibu. Nitalijibu hapa.

Kufuli lilikuja kwanza. Katika safu yetu ya nyumba hapa Jamhuri, simu ilikuwa kwetu tu, simu nyeusi ya kuzungusha kwa kidole, na kila mtu aliyekuwa na ndugu mbali alikuwa na ndugu ndani ya simu yetu. Mama Otieno, jirani yetu wa upande wa pili wa ua, alipigiwa na dada yake wa Siaya kila Jumapili baada ya ibada, akaongea kwa sauti ambayo dada yake angeisikia hata bila waya. Hilo sikulikataa. Nililokataa ni Mutua, aliyekuwa kidato cha kwanza na mwenye marafiki wengi kuliko mbunge. Nikanunua kufuli dogo la shaba, nikalipitisha katika tundu la kwanza la kisahani cha namba. Simu ikawa ya kupokea tu. Ufunguo nilitembea nao mfukoni pamoja na chaki.

Nilikuwa mwalimu wa Kiswahili na mlezi wa nidhamu. Niliamini kwamba kitu kikifungwa vizuri hakiharibiki.

Kisha mama yako akapata kazi ya uuguzi ng'ambo. Tulikubaliana kwamba atangulie, atengeneze mahali, nasi tumfuate mwaka wa shule ukiisha. Wewe ulikuwa na miaka sita. Hukulia uwanja wa ndege. Ulilia tuliporudi nyumbani ukakuta vitambaa vyake vya kufuma viko kila mahali, juu ya makochi, juu ya redio, chini ya simu, na mwenyewe hayupo.

Kupiga simu ng'ambo kulikuwa anasa, na barua zilichelewa hadi habari zake zikawa historia. Mtu akaniambia juu ya baruapepe. Nikaenda katikati ya mji, kwenye saiba moja, duka la intaneti, juu ya ngazi karibu na Moi Avenue, nikaketishwa kati ya kijana aliyekuwa akiendesha gari la mchezo kwa makelele na mwanamke aliyekuwa akitafuta mchumba Mzungu. Nikafungua maneno ya mke wangu mbele ya migongo na macho ya watu. Mwanamke yule akainama upande wangu akasema, "Ameandika vizuri huyo, mzee. Umemtoa wapi?" Nilifunga kila kitu nikashuka ngazi bila kumjibu yeye wala mke wangu.

Shule yetu ilikuwa ikitupa tarakilishi kuukuu. Nikaomba moja, nikaibeba nyumbani ikiwa imefunikwa blanketi kama mgonjwa. Kilichobaki kilikuwa modemu. Kijana aliyeniuzia, katika duka jembamba huko huko mjini, alinieleza kwamba kisanduku hicho huungwa na waya wa simu, kikapiga namba chenyewe, kikaongea na tarakilishi nyingine kwa sauti.

"Lakini simu yangu ina kufuli," nikamwambia.

Akacheka. "Mzee, hii haijui kufuli. Inapita nyuma ya hiyo simu yako."

Siku ile nilifurahi. Leo sentensi hiyo naisikia vingine.

Unakumbuka sauti yake? Kwanza ule mvumo wa laini iliyo wazi, kisha namba zikigongwa haraka haraka, kisha kimya ambamo mtu hushika roho. Halafu kilio. Hakuna neno jingine. Kilikuwa kilio chembamba kinachopanda, kikajibiwa na kingine kinene kutoka mbali, vikagombana, vikakwaruzana, kisha vikamezwa na mvumo kama wa mvua juu ya mabati. Hapo ndipo ulipokuwa umeunganishwa.

Siku ya kwanza Mutua alisimama mlangoni ameshika tumbo kwa kicheko. "Buda, hiyo kitu inalia kama mbuzi imekanyagwa! Inaitwa nani?"

"Modemu," nikasema.

"Mo-dem?" Akaita jikoni, ambako hakukuwa na mtu isipokuwa wewe na uji wako. "Mwende! Baba ameleta dem kwa nyumba! Mathe akisikia!"

Kwa lugha yao ya mtaani, dem ni msichana. Nilimfukuza kwa rula. Ilinibidi nigeuke ukutani ili asinione nikicheka. Nakuambia hilo kwa kuwa nadhani hakuna hata mmoja wenu aliyewahi kujua kwamba nilicheka.

Jumapili iliyofuata nilikuwa nikipokea ujumbe wa mama yako. Ulikuwa mrefu, unaingia polepole. Mara kila kitu kikakatika. Nikatoka chumbani kwa hasira, nikakukuta koridoni umesimama juu ya kigoda, mkono wa simu sikioni, mkubwa kuliko uso wako.

"Nani alikuruhusu?" nikafoka. "Umemkata mama yako!"

Ulikuwa umetoa macho. "Nilimsikia analia," ukasema. "Nikamwambia anyamaze, nipo."

Nikakueleza kwa utaratibu kwamba ile haikuwa sauti ya mtu bali ya mashine, kwamba maneno hugeuzwa mlio, na mlio hugeuzwa tena maneno. Nilieleza vizuri, nilikuwa mwalimu. Ukasikiliza, kisha ukauliza, "Sasa wakati bado ni mlio, si ni yeye?"

Ningeweza kukuinua kutoka kwenye kile kigoda. Badala yake nikatunga kanuni. Nilichukua kitambaa cha simu, kile cheupe chenye ua la buluu pembezoni, ambacho mama yako alikifuma wakati wa mimba yako. Nikatangaza: kitambaa kikiwa chini ya simu, simu ni ya wote. Kikiwa juu ya mkono wa simu, asiiguse mtu, laini imeshikwa. Nyumba nzima ikatii. Hata Mama Otieno alifundishwa. Alikuja Jumapili moja, akachungulia korido, akaona kitambaa juu, akaketi kwenye kiti cha mlangoni akipepea uso kwa kitabu cha nyimbo.

"Mwalimu, simu ni bize tangu tutoke kanisani. Dada yangu atafikiri nimekufa."

"Nasoma barua ya Mueni."

"Eh! Na mimi nitasoma lini ya kwangu? Umemfungia mke wako ndani ya simu, mwalimu. Mtoe, apumue!"

Wewe ulicheka hadi ukakaa chini. Mimi nilimjibu kwamba neno ni "inatumika," si "bize."

Sasa nifike panaponiuma. Laini ilikuwa moja, na kila muda uliopita ndani yake ulikuwa umeifunga nyumba. Kwa hiyo nilijifunza njia ya kufanya kazi, kama wengi tuliokuwa na chombo kile. Barua unaiandika kwanza ukiwa hujaunganishwa. Unaitunga, unaisahihisha, unaisoma tena. Ndipo unapiga namba, unasubiri kilio kiishe, unatuma, unapokea, unakata. Ni njia nzuri na ya kiuchumi. Nikawa hodari. Sikuwahi kumwandikia mama yako sentensi moja laini ikiwa wazi. Kila alichopata kutoka kwangu kilikuwa kimetungwa katika kimya, na kila alichoniambia nilikisoma baada ya kukata.

Mazoea hayakai ndani ya mashine, mwanangu. Bila kujua nikawa hivyo hivyo mezani, na Mutua, na wewe. Ulipokuja na matokeo mabaya ya hesabu, uliketi mbele yangu, nami nikanyamaza kwa siku kadhaa, kisha nikakutolea hotuba kamili isiyo na kosa hata moja la upatanisho. Ulikuwa umekwisha kulia ukamaliza. Mwaka jana uliniambia, "Baba, si uongee tu. Si lazima iwe sentensi kamili." Nilikwenda chumbani kufikiria jibu. Bado ninalifikiria.

Mama yako hakuwa hivyo. Yeye aliandika alivyosema, Kiswahili cha Nairobi kisicho na viatu. Kulikuwa na ujumbe mmoja wa miezi yake ya kwanza. Naukumbuka wote kwa sababu ulikuwa mfupi: "Mwalimu, mimi niko tu. Kazi iko. Baridi ni mingi sana, imeingia mpaka kwa mifupa. Watoto wako aje?"

Niliukalia ujumbe huo jioni nzima kama karatasi ya mtihani. Nikamwandikia kwamba ni "baridi nyingi" au, bora zaidi, "baridi kali." Nikamwandikia kwamba "hawajambo" ndilo neno la kuulizia, si "wako aje." Nikamkumbusha pia somo nililowafundisha wanafunzi wangu kila mwaka: -po ni ya mahali dhahiri, -ko ni ya mahali pasipo dhahiri, -mo ni ya ndani. Kwa kuwa yeye alijua alipo, aseme "nipo," si "niko." Mwishoni nikaongeza kwamba sisi sote tulikuwa wazima. Nikaunganisha, nikatuma, nikakata.

Jibu lilikuja Jumapili iliyofuata. Mstari mmoja: "Nimekuambia nasikia baridi."

Baada ya hapo alianza kuniandikia kwa Kiingereza. Hakutoa sababu wala hakunilaumu. Katika Kiingereza nilikuwa sina rula, na alijua. Barua zake zikawa na adabu, kama za ofisi. Wewe ulipojua kusoma uliniuliza kwa nini Mama anaandika kama mwalimu mkuu. Nikasema nchi ile imemzoesha.

Nimelifikiria somo lile la -po na -ko tangu jioni ile ya kijiko. Naona sasa kwamba mama yako hakukosea. Mtu aliye mahali asipopajua, asipojulikana, ambapo hata mumewe hawezi kupaona akifumba macho, mtu huyo yuko. Alichagua kiambishi kilicho sahihi. Mwalimu ndiye aliyekosa kusoma.

Wewe ulikuwa mwanafunzi wangu bora wa somo hilo. Unakumbuka mchezo wa kujificha? Ulijifungia kabatini kati ya makoti, nami nikapita nyumba nzima nikiita, "Mwende yuko wapi? Mwende yuko wapi?" Mutua akijifanya kukutafuta chini ya sufuria. Na wewe, usiyeweza kuacha swali bila jibu sahihi, ukapaza sauti kutoka gizani: "Nimo!" Ukajitoa mwenyewe. Tulikufungua ukiwa umelowa jasho, unajivunia sarufi yako.

Siku hizi mimi ndiye niliye kabatini. Yule bwana wa viatu vinavyong'aa, anayetaka kiwanja hiki ajenge ghorofa kama zile za Kilimani, huja langoni akaita, "Mzee, uko?" Nami hujibu nikiwa nimeketi, bila kufungua, "Nimo." Huondoka. Ghorofa zimetuzunguka pande tatu. Jua la asubuhi halitufikii tena ila limekwisha kuwa la mchana. Mama Otieno alihamia kwa mwanawe. Ua wetu sasa ni ukuta wa mtu nisiyemjua. Nimekaa humu nikilinda kitu, na ukiniuliza ni kitu gani, nitaangalia huku na huku kisha nikuoneshe simu.

Sababu zangu za kutomfuata mama yako unazijua kwa moyo, maana ulikua ukizisikia. Kwanza tumalize mwaka wa shule. Kisha Mutua amalize kidato cha nne. Kisha nistaafu kwa heshima. Kisha malipo ya kustaafu yapite. Kisha nyumba isiachwe wazi, wezi wataingia. Kila mwaka nilikuwa na sababu, na kila sababu ilikuwa na sarufi safi. Mama yako alikuja baadhi ya Krismasi, akapika, akalala kitandani mwake kama mgeni anayejua swichi za taa zilipo, akarudi. Kwenye uwanja wa ndege tuliagana kwa mkono.

Kisha wezi wakaja kweli, lakini si ndani ya nyumba. Walikata nyaya za shaba za simu barabara nzima. Asubuhi moja niliinua mkono wa simu na hakukuwa hata na ule mvumo. Niliripoti, nikaambiwa nisubiri, na hakuna aliyekuja. Tayari kila mtu alikuwa na simu mfukoni. Ningeweza kuiondoa siku ile. Badala yake nilichukua kitambaa nikakiweka juu ya mkono wa simu, nikaliacha kufuli mahali pake. Laini imeshikwa. Asiiguse mtu.

Ndivyo ilivyo hadi leo, na sasa umepata jibu la swali lako. Siogopi itatoroka. Kitambaa kile kimenisaidia kunyamaza. Aliyekuja na neno lake, mama yako, Mutua, wewe, alikuta laini imeshikwa, akaketi mlangoni akijipepea. Na ndani hapakuwa na mtu aliyekuwa akiongea na mtu.

Kwenda nako kunanitisha, na sitakudanganya kwa sababu tu unaondoka. Huko nitakuwa nani? Hapa, hata mchuuzi wa mboga hujinyoosha akiniona, akasema "shikamoo" ya kusomea. Huko nitakuwa mzee wa kushikwa mkono barabarani, mwenye lugha isiyohitajika na mtu, katika nyumba ya mwanamke ambaye ni mke wangu nami sijui huamka saa ngapi. Je, akinizoea kwa wiki kisha akanichoka? Je, tukiketi mezani na hatuna ila chumvi ya kuombana? Nikibaki, nitakuwa nimejibu kwa kutojibu, na hilo amelikataza. Nikigeuka huku ni ukuta, nikigeuka kule ni ukuta. Yule mtu wa vipaza sauti bado yupo kwenye mbili.

Kwa hiyo sina hekima ya kukufungia katika begi. Nina jambo dogo tu. Mtagombana, wewe na mama yako, maana nyote mna shingo ngumu na hamjaishi pamoja tangu ukiwa na meno ya utoto. Siku hiyo usiende chumbani kutunga sentensi. Gombana naye papo hapo, jikoni, kwa maneno mabovu, ngeli zikigongana. Akisema "baridi ni mingi," mletee blanketi.

Barua hii nimeisahihisha mara mbili. Usinilaumu, nimejitahidi kuacha mara ya tatu.

Kabla ya kuanza kuandika nilifanya jambo. Nilikwenda koridoni na ule ufunguo. Nilidhani kufuli limeshika kutu, lakini lilifunguka kwa urahisi, kana kwamba halikuwahi kuwa na neno nami. Kisahani kikazunguka. Sikuwa na wa kumpigia, nacho hakingempata. Kisha nikakitoa kitambaa, nikakifua kwa sabuni, nikakianika juu ya kiti, na sasa kimekauka. Utakikuta katika begi lako kubwa, kati ya nguo, upande wa kulia. Mpe mama yako. Usimweleze chochote. Yeye hakuwahi kuijua kanuni ile niliyoitunga baada yake. Kwake kitakuwa kitambaa alichokifuma tu, na hivyo ndivyo kinavyostahili kuwa. Wewe ndiye utakayejua kwamba hakipo tena juu ya simu.

Kesho nitakusindikiza hadi uwanja wa ndege. Huenda nikakuuliza kama umefunga zipu ya begi. Ukinisikia nikisema hivyo, jua kwamba nimekwisha kusema haya.

Uamuzi sijaufanya. Nikiufanya nitakuandikia wewe na mama yako pamoja, siku hiyo hiyo, kwa simu hii ya mkononi uliyonifundisha kuitumia, bila kutunga kwanza. Mama yako ameshiba sentensi zangu. Nitaleta neno moja tu, na mtalisoma kwa silabi yake ya mwisho. Nikiandika "nimo," mtajua kwamba nimebaki ndani, na kwamba angalau nimejibu. Lakini nikiandika "nipo," msijibu. Nendeni mkafungue mlango.

Baba yako,
Mwalimu Musyoka